Mtoto Hayupo, na Siri Zimo Nyumbani

Ndoa nyingi huvumilia njaa, ugonjwa na ukosefu wa kazi, lakini kuna jambo moja linaloweza kuitikisa nyumba kwa usiku mmoja: kupotewa na mtoto. Asubuhi aliaga, amevaa sare, mkoba mgongoni. Jioni watoto wa jirani wamerudi, yeye hayupo. Giza linapoingia baba na mama hutazamana, na kila mmoja hujiuliza moyoni swali ambalo hathubutu kulitamka: "Je, ni kwa sababu yangu?"

Hapo siri zilizolala kwa miaka huamka. Katika somo hili tutaona jinsi siri za wazazi zinavyoweza kumpoteza mtoto, na jinsi zinavyoweza kuzuia asipatikane. Tutaona pia mume na mke wafanye nini, kabla jambo halijatokea na likishatokea.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Chukueni mfano wa mume na mke wanaokaa Mtopanga, Kisauni. Si watu fulani. Ni mfano tu wa kutusaidia kufundishana. Mume anafanya kazi bandarini Kipevu, mara nyingi zamu ya usiku. Mke anauza mahamri na mbaazi mlangoni. Mtoto wao wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili.

Mke ana siri. Pesa za karo alizopewa na mumewe alilipia deni la chama. Mtoto akarudishwa nyumbani. Mama kwa kuogopa akamwambia: "Usimwambie baba yako, nitazipata wiki ijayo." Wiki ijayo ikapita. Kila asubuhi kijana akawa anavaa sare, anatoka, anashinda akizurura mjini.

Mume naye ana siri. Ana binti wa miaka 6 kwa mwanamke mmoja wa Likoni. Siku moja kijana, kwa kuwa hana shule, alikuwa kwenye feri ya Likoni akamwona babake amemshika mkono msichana mdogo, na msichana anamwita "Baba". Mzee alipomwona mwanawe alishtuka. Akamvuta kando na kumwambia: "Usimwambie mama yako."

Angalieni, wapendwa: maneno yaleyale. Mama alimtwika mzigo wa kwanza, baba akamwongezea wa pili, na wote wawili wakamwomba awe mwongo kwa mapenzi yao. Alhamisi moja kijana hakurudi nyumbani.

Polisi walipouliza, "Kulikuwa na ugomvi? Kuna jamaa yeyote anakoweza kuwa ameenda?" baba alisema hapana, na mama alisema hapana. Mama alizunguka peke yake ufuoni na sokoni, mahali alipojua kijana hushinda, wala hakumwambia mtu kwa nini anatafuta huko saa za shule. Baba alikaa sebuleni na majirani. Simu yake ililia mara tatu. Aliona namba ya yule mwanamke wa Likoni, aliyoiandika kwa jina la fundi wa mabati. Mkewe alikuwa kando yake, akaizima.

Jumamosi usiku hakuweza tena. Akasema. Akaiwasha simu mbele ya mkewe na kupiga. Kijana alikuwa Likoni tangu Alhamisi. Alikwenda kumtafuta dadake mdogo, maana feri haimtozi mtu anayevuka kwa miguu. Mwanamke yule alikuwa akipiga simu ili aseme, "Mtoto wenu yuko hapa, njooni mmchukue."

Kwa siku mbili mama hakula wala hakulala, na mtoto alikuwa salama ng'ambo ya kivuko. Kilichomzuia kurudi ni simu iliyozimwa. Na kilichomtoa nyumbani si ukaidi wake, bali siri mbili ambazo hazikuwa zake.

SI KILA MARA HUISHA KWA HERI

Mfano wetu uliisha vizuri. Lakini sisi wa Pwani tunajua kwamba sivyo daima. Mwezi wa Aprili 2023 nchi nzima ilisikia jina la Shakahola, msitu ulio bara ya Malindi katika Kaunti ya Kilifi. Huko polisi walikuta watu waliodhoofika kwa njaa, kisha makaburi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeanzisha kundi la Good News International Church huko Malindi mwaka 2003, alishtakiwa kwamba aliwaongoza wafuasi wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye alikana mashtaka. Mwezi wa Mei 2023 alifikishwa Mahakama ya Shanzu, huku kwetu Kisauni, na Februari 2024 yeye na wenzake walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191.

Watoto 191. Kila mmoja alikuwa na jamaa mahali fulani. Shirika la Msalaba Mwekundu lilipofungua dawati Malindi la kuandikisha waliopotea, majina yalizidi 600. Miongoni mwa waliokuwa wakitafuta walikuwamo waume ambao wake zao waliondoka na watoto bila kuaga, na mababu na nyanya ambao wajukuu wao walichukuliwa wasirudi.

Hatusemi haya ili tuwahukumu waliofiwa. Yatosha waliyoyapata. Lakini tujifunze. Hakuna familia inayoamka siku moja na kuhamia msituni. Jambo huanza kwa hatua ndogo ndogo. Mhubiri huyu alifundisha watu wakatae shule na hospitali. Basi katika nyumba ambamo mume na mke wanazungumza, mtoto akiacha shule au akinyimwa dawa, swali huulizwa siku hiyohiyo. Katika nyumba ambamo kila mmoja ana sanduku lake lililofungwa, mwenzake husema, "Hayo ni mambo yake ya dini," au, "Watoto ni kazi ya mama," na siku zinapita. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

SITARA NA SIRI

Mtu anaweza kuuliza: je, mume na mke wasiwe na jambo lolote la moyoni? La, hatusemi hivyo. Sisi wa Pwani tunalijua neno sitara. Mke anayemsitiri mumewe aliyetukanwa kazini, akanyamaza asiwaambie mashoga zake, amefanya vyema. Mume asiyetangaza ugonjwa wa mkewe amefanya vyema. Sitara humlinda mwenzako. Siri tunayoizungumzia hapa inakulinda wewe mwenyewe, na mwenzako ndiye anayelipa.

Ukitaka kuzitofautisha, jiulize maswali matatu:

1. Je, jambo hili linagusa usalama, afya, shule au asili ya mtoto?

2. Je, nimemwagiza mtoto, au dada wa kazi, au ndugu yangu, anisaidie kulificha?

3. Je, likifichuka leo, mwenzangu atakuwa wa mwisho kujua?

Ukijibu "ndiyo" hata kwa swali moja, hiyo si sitara tena. Mambo ya mtoto si mali ya mzazi mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inasema kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Maana yake ni kwamba hata yule binti wa Likoni katika mfano wetu ana haki yake. Hakuomba kuzaliwa katika siri. Ndoa haitapona kwa kumfanya kana kwamba hayuko.

Neno pia kwa vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Kama una mtoto tayari, mwambie mchumba wako kabla ya tangazo la kwanza kusomwa kanisani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1098, inasema kwamba anayeingia ndoa kwa kudanganywa kwa hila, ili akubali, juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga sana maisha ya pamoja, hafungi ndoa halali. Si kila siri hufikia hapo, na kuamua ni kazi ya mahakama ya Kanisa, si ya majirani. Lakini mwone jinsi Kanisa linavyolichukulia jambo hili kwa uzito.

HATA FAMILIA TAKATIFU ILIPOTEWA

Mwinjili Luka katika sura ya pili anatusimulia jinsi Yesu, mwenye miaka 12, alivyobaki Yerusalemu wazazi wake wasijue. Walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Wakamtafuta kwa jamaa na marafiki. Wakarudi hadi Yerusalemu, wakamkuta Hekaluni baada ya siku tatu.

Wanandoa, tazameni mambo matatu. Kwanza, kupotewa na mtoto si ushahidi kwamba ninyi ni wazazi wabaya. Liliwapata hata Maria na Yosefu. Pili, walirudi pamoja. Injili haituambii kwamba Yosefu alimlaumu Maria, wala kwamba Maria alimsuta Yosefu. Tatu, Maria alipomwuliza mwanawe, hakutaja uchungu wake peke yake. Alimtaja baba kwanza, kisha yeye, kwamba walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Huzuni ilikuwa ya wote wawili.

MTOTO AKIPOTEA, FANYENI HAYA

1. Nendeni kituo cha polisi mara moja. Wengi wanadhani ni lazima kungoja saa 24. Hakuna sheria inayowataka mngoje. Hakikisheni taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio, na mpewe namba yake.

2. Nendeni wote wawili ikiwezekana, na kabla ya kufika kituoni, simameni kando ya njia dakika tano. Kila mmoja amwambie mwenzake: "Kuna jambo usilolijua, ambalo laweza kutusaidia kumpata." Dakika hizo tano zaweza kuokoa siku mbili.

3. Chukueni picha ya karibuni. Semeni umri, nguo alizovaa, alama mwilini, rafiki zake, namba za simu anazozungumza nazo. Msifiche kwamba alipigwa, alifukuzwa shule au alitishwa. Polisi hawawezi kutafuta kwa kutumia habari msizowapa.

4. Pigeni simu namba 116, namba ya taifa ya kuwasaidia watoto. Hailipishwi. Mwoneni pia afisa wa watoto wa eneo lenu.

5. Wajulisheni paroko, katekista, jumuiya yenu ndogo ndogo, imamu wa msikiti wa jirani, makondakta wa matatu na walinzi wa kivuko. Huku kwetu mtoto huonekana na watu wa dini zote.

6. Mkitangaza picha yake kwenye simu na mitandao, tangazeni sura na nguo zake, msitangaze ugomvi wenu. Na mtu akipiga simu kudai pesa ili awaonyeshe mtoto, pelekeni namba hiyo polisi.

7. Msilaumiane. Swali la "Nani alikuwa naye mwisho?" liulizwe ili mtoto apatikane, si ili mtu ahukumiwe.

JINSI YA KUSEMA SIRI

Usingoje mtoto apotee. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini pia usimwage neno zito wakati mwenzako anatoka kazini amechoka, au mbele ya watoto, au ukiwa umelewa.

Chagua saa ya utulivu. Sema jambo lote kwa mara moja. Anayesema nusu leo na nusu mwezi ujao humuumiza mwenzake mara mbili, na mara ya pili haaminiki tena. Usianze na sababu. Anza na ukweli. "Karo nililipia deni." "Nina mtoto Likoni." Kisha nyamaza, usikilize. Usidai usamehewe usiku huohuo.

Wengine husema, "Nimeshaungama kwa padre, yamekwisha." Kitubio hukupatanisha na Mungu na Kanisa lake, na tunamshukuru kwa zawadi hiyo. Lakini toba ya kweli hurekebisha madhara. Kama siri bado inamgusa mtoto, mzazi mwenzake anahitaji kujua. Mwombe padre akushauri namna ya kusema.

Na mkiogopa kwamba neno litaleta kipigo, msiwe peke yenu. Waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, au mzee mwenye busara wa pande zote mbili. Mke au mume anayehofia maisha yake atangulize usalama wake na wa watoto kwanza.

Wewe unayeambiwa, una haki ya kulia na kukasirika. Huna haki ya kumpiga mtu, wala kumgeuza mtoto kuwa shahidi wa kesi yenu. Waweza kusema: "Nimesikia. Nimeumia sana. Nipe siku chache, na tuzungumze mbele ya mtu tunayemheshimu wote." Msamaha si kusahau mara moja, wala si kuacha kuuliza. Ni kukataa kulipiza.

MTOTO AKIRUDI, NA ASIPORUDI

Akirudi, neno la kwanza liwe la furaha. Mlisheni, aoge, alale. Maswali yatafuata. Mpelekeni akaonekane na daktari kama kuna dalili kwamba ameumizwa. Kisha baba na mama, mkiwa pamoja, mwambieni: "Tulikosea kukuagiza ufiche. Kuanzia leo hakuna anayekutuma umfiche mwenzake." Mwambieni pia kwamba mtu mzima yeyote anayemwambia "hili tusiwaambie wazazi" ndiye wa kuletewa habari zake upesi.

Asiporudi, ndoa huingia katika jaribu kubwa zaidi. Jamaa wengi wa Shakahola walisubiri kutoka Aprili 2023 hadi mwishoni mwa Machi 2024 ndipo miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa vipimo vya damu ya ukoo ilipoanza kutolewa. Wengine waliendelea kusubiri. Sheria ya Kenya humchukulia mtu kuwa amefariki baada ya miaka 7 bila kusikika na wale ambao wangemsikia. Lakini moyo wa mzazi hauna hesabu hiyo. Mara nyingi mmoja anataka kufanya matanga apumzike, na mwingine anaacha taa ya barazani ikiwaka. Mmoja analia, mwingine anajitupa kazini. Msidhani kwamba asiyelia hapendi. Wekeni siku moja kwa mwezi ya kumtaja mtoto kwa jina, kusali pamoja, na kuulizana, "Umekuwaje?" Siku nyingine zote mjaliane bila kulazimishana.

Wapendwa wanandoa, yule mume wa mfano wetu aliogopa kwamba akisema, ataipoteza ndoa yake. Hatuwezi kuwadanganya kwamba mkewe alicheka na kumkumbatia. Alihama chumba. Mambo yao yalichukua muda na wazee na machozi mengi, na yeye mama alilazimika kusema habari za karo pia. Lakini Jumapili ile walivuka feri pamoja kwenda kumchukua mtoto wao. Kila safari ya uponyaji katika nyumba huanza na wawili kujua ukweli uleule.

Leo usiku, watoto wakishalala, kaeni pamoja. Mwulize mwenzako: "Kuna jambo lolote juu ya watoto ambalo sijui?" Kisha uwe tayari kuulizwa wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Je, tumewahi kumwambia mtoto wetu, "Usimwambie baba" au "Usimwambie mama"? Ilikuwa juu ya nini?

2. Mtoto wetu akichelewa leo, je, kila mmoja wetu anajua majina ya rafiki zake na mahali anaposhinda?

3. Katika mtaa wetu kuna familia inayomsubiri mtoto aliyepotea? Jumuiya yetu imewatembelea mara ya mwisho lini?

4. Nani ambaye sisi wawili tunamwamini, ambaye tungemwita kama kungekuwa na neno zito la kuambiana?